Rafiki wa Nikodemu

Ilagala,
18 Juni 2024

Bibi yangu Veneranda,

Shikamoo. Mwakeye, kama barua imekufikia asubuhi. Kama imefika jioni, mwambie Khamisi boti yake imechelewa. Mimi mjukuu wako Anatoli ni mzima. Mwenzangu Nikodemu naye ni mzima, ila kisigino kimemchubuka na anatembea kama bata. Wewe hujambo? Kuku hawajambo? Jogoo wa Babu bado anawika mchana? Unakula? Usiniandikie "ninakula" tu, niambie ulikula nini. Tangu tumzike Babu sijawahi kukaa mbali nawe hivi, na kila nikiona mzee amevaa kandambili za bluu namgeukia.

Kama ujuavyo, kwa safari hii ya injili simu zetu zimebaki kwa mchungaji. Tumepewa fimbo, shati jeupe na Biblia ndogo, basi. Hakuna mkoba wala akiba. Tukifika kijijini, nyumba ya kwanza kutupokea ndiyo tunayokaa mpaka siku ya kuondoka kijiji hicho, hata ikiwa ya namna gani, tukifanya kazi tunayopewa na kusali na watu. Mchungaji alisema tukirudi mwezi wa tisa hatatuita vijana tena. Nilimkumbuka Babu. Yeye alisema mtu hawi mkubwa mpaka ale kwa wasiomjua na asichague mboga.

Sasa nikueleze tulivyopokelewa, ila keti kwanza.

Nyumba tuliyoingia ni ya Mzee Bonifasi, mtu wa michikichi. Tulifika kabla ya chakula cha mchana, mashati meupe, viatu tumevipangusa kwa majani, fimbo mkononi. Uani palikuwa pamefagiwa kama siku ya sikukuu. Mzee akatukaribisha viti. Nikodemu akakataa kuketi kabla ya kusema neno, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Akasimama wima akasema, "Mzee, tumetumwa."

Wewe umeshaelewa, Bibi. Mimi wakati ule sikuelewa. Mzee aliingia ndani, akatoka amevaa koti. Akamwita mdogo wake Samson, anayekaa nyumba ya pili. Nyuma ya jiko nikasikia kuku anafukuzwa.

Mzee akauliza tunatafuta nini. Nikodemu, unamjua kwa mifano, akajibu kwamba tunatafuta kondoo aliyepotea. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama nyayo zake tumeziona zikiingia kwenye ua wake.

"Mzee, zinaingia kila nyumba," akasema Nikodemu.

Samson akanong'ona kwamba hao sasa ni wengi. Mzee akamtuliza, akauliza kwa upole kama huyo aliyetutuma ana mke.

"Bibi arusi wake ni kanisa."

Kisha Samson akasema taratibu, "Kaka, hawa wametumwa na padri."

Hapo ndipo tukasikia kicheko kutoka jikoni. Ni binti wa nyumba, anaitwa Leonia. Alicheka mpaka akakaa chini na sufuria mapajani, akajifuta macho kwa kanga, akajaribu kusema, akacheka tena. Mwisho akamwambia baba yake kwamba hawa si washenga, ni wainjilisti. Mama yake akatoka na kisu mkononi, akasema kuku ameshachinjwa na hatafufuka kwa sababu ya makosa ya watu. Tukala.

Baadaye Samson alinieleza. Tangu Pasaka nyumba hii inangoja washenga wa mwanamume mmoja wa Uvinza aliyetoa ahadi. Hawajaja. Sasa majirani walituona tukiingia, wakasikia kuku, na kila anayepita anampongeza Mzee. Nasi kwa sheria yetu hatuwezi kuhama nyumba. Leonia hatuiti kwa majina. Anatuita "Washenga". Washenga, kuni zimekwisha. Washenga, mbuzi katoka.

Mpe Khamisi jibu akishuka Ujiji.

Mjukuu wako,
Anatoli


Katubuka,
9 Julai 2024

Mume wangu Anatoli,

Marahaba. Barua ilifika jioni, na Khamisi nimemwambia. Amesema ziwa halina lami.

Kuku ni wazima. Jogoo anawika ovyo kama mwenyewe alivyomzoeza. Nilikula. Mwanamvua, mama yake Khamisi, alikuja kutoka Ujiji na migebuka miwili, akakaa mpaka nikaimaliza mbele yake, kama mtu anayemlinda mfungwa. Jumapili sikwenda kanisani kwa sababu ya mvua.

Jana nilikata sabuni ya mche kwa kisu ikapasuka vibaya. Babu yako alikuwa akiikata kwa uzi. Anauzungusha, anavuta, vipande vinatoka sawa kama mkate. Uzi wenyewe aliuweka mfuko wa shati, na sikumbuki shati lile tulimgawia nani.

Habari yako nimeisoma mara nyingi nikicheka peke yangu. Ni kweli, tangu msiba ulipoingia nyumbani kwetu sikuwa nimecheka kwa sauti, nikashtuka nikadhani kuna mtu ameingia. Enzi zangu wanaume wawili wasioketi wakisema "tumetumwa", hata mtoto mchanga anajua kuna jambo. Mchungaji wenu kazaliwa wapi?

Ila nimeona kitu. Mzee Bonifasi umeniandikia koti lake. Samson umeniandikia maneno yake. Mama wa nyumba umeniandikia kisu. Huyo binti umeniandikia kicheko tu, lakini kicheko hicho kimechukua nafasi kuliko kuku. Ana sura gani? Au hukuiangalia?

Shati jeupe usilifue pamoja na nguo zenye mawese.

Mkeo,
Veneranda


Ilagala,
20 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Ushauri wa shati umechelewa. Sasa lina rangi ya embe. Sisi ni wazima, kisigino cha Nikodemu kimepona na ameanza kufundisha watoto kwaya, ingawa wanamwiga anavyoimba na mama zao wanajificha kucheka.

Mvua gani, Bibi? Mwezi wa saba? Hapa hata umande hakuna.

Kazi yetu ni kukamua mawese. Tunasukuma mti wa mashine tukizunguka, mimi mbele na Nikodemu nyuma, mafuta yanashuka kwenye pipa. Leonia ndiye anayejaza matunda yaliyochemshwa. Juzi aliniambia nikiendelea kuzunguka hivi nitafika Kasulu. Nikamjibu nikifika nitamsalimia nani. Akasema, "Wasalimie waliokutuma," akaenda zake. Nikakosea hatua, mti wa mashine ukamgonga Nikodemu mgongoni. Amesamehe.

Ulimi wake unachekesha, lakini nimemwona kisimani. Wanawake wakimwuliza washenga wameleta jibu gani, hachekeshi mtu. Anateka maji na kuondoka kabla ndoo yake haijajaa.

Bibi, nina swali la rafiki wa Nikodemu. Rafiki huyo naye yuko safarini, kijiji fulani. Amempenda binti wa nyumba aliyofikia. Sheria ya safari inamkataza kusema posa yake kwa binti wala kwa wazazi wake, la sivyo anarudishwa nyumbani na safari haihesabiwi. Wazazi wake rafiki huyo walikwisha kutangulia, alilelewa na babu na bibi, na babu naye hayupo tena. Amebaki bibi peke yake. Je, kwa mila za kwetu, bibi anaweza kwenda kumposea mjukuu? Nikodemu anauliza.

Umekula nini leo?

Mjukuu wako,
Anatoli


Katubuka,
1 Agosti 2024

Mume wangu,

Marahaba. Leo nimekula maharage. Mvua ya Julai usiichunguze.

Mwambie Nikodemu rafiki yake nimemfahamu vizuri sana, hata kovu lake la gotini nalijua alilipata wapi. Bibi anaweza kuposa. Mila haikatai, mradi awe na mtu wa kumsemea, asiende kama anakwenda sokoni. Lakini swali langu kwa rafiki huyo ni hili: binti mwenyewe ameonyesha nini? Kucheka si kukubali. Mimi nilimcheka babu yako mwaka mzima kwa jinsi alivyovaa soksi, na nilikuwa nacheka kweli.

Tena amwelewe bibi yake. Bibi huyo ana magoti. Ana kuku. Hajatoka Katubuka tangu siku ya mazishi, na si kwamba anashindwa, ila kuna maua kaburini yanayotaka maji, na mlango haufungi vizuri, na mtu akija kutoa pole asimkute mtu? Boti nayo ni boti. Rafiki wa Nikodemu atafute mzee wa kanisa mwenye miguu.

Nimekuandalia karanga kidogo, Khamisi akila njiani uniambie.

Mkeo,
Veneranda


Sunuka,
14 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Karanga zilifika nusu.

Zamu yetu Ilagala imekwisha, tuko Sunuka sasa, kwa mjane mmoja mwenye wajukuu wengi na hakuna anayetudhania washenga. Tunamjengea choo. Wazima.

Siku ya kuondoka Leonia alitusindikiza mpaka ufukoni akibeba muhogo wa kuchemsha. Alimwagiza Nikodemu aniangalie nisije nikaanguka majini kwa kugeuka nyuma. Mimi aliniambia neno moja, na hakucheka aliposema.

"Mshenga, ukipata wa kukutuma, njia unaijua."

Nikampa mkono wa kwaheri, nikakumbuka sheria, nikaurudisha. Akabaki ameushika muhogo.

Sasa jambo lenyewe. Wale wa Uvinza wametuma salamu: wanakuja wiki ya pili ya Septemba. Yule mwanamume alikuwa akingoja binti mwingine amkatae kwanza, ndivyo Samson alivyosikia. Leonia hamtaki tena. Lakini Mzee Bonifasi amechoka kupongezwa bure na majirani. Amesema mbele ya ndugu zake kwamba wazee watakaokuja kwanza, wa kweli, wenye jina na ukoo, hao atawasikiliza, naye binti akiwakubali mambo yameisha. Akisema hapana kwa Uvinza na hakuna mwingine mlangoni, mji mzima utasema hana anayemtaka. Mimi nafungwa na safari mpaka ibada ya mwisho wa Septemba.

Bibi, rafiki wa Nikodemu ni mimi. Kama nimevunja sheria kukuandikia, nitamwambia mchungaji mwenyewe.

Najua si kuku. Najua si mlango. Ile siku naondoka nilitaka kuzisogeza kandambili za Babu pale kizingitini nipite, nikaziruka. Nawe nilikuona umeziruka. Sikulazimishi. Nimekuambia tu.

Anatoli


Sunuka,
30 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Khamisi amepita hapa leo. Nikamwuliza barua iko wapi, akasema hakupewa. Nikamwuliza Bibi hajambo, akacheka, akavuta kamba, akaondoka bado anacheka. Mtu wa namna gani huyo? Kama unaumwa niambie. Kama umekasirika niambie pia. Choo tumemaliza, Nikodemu alikuwa wa kwanza kukitumia, akatoa shukrani kwa sala ndefu.

Anatoli


Ilagala,
5 Septemba 2024

Mume wangu Anatoli,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Angalia juu ya barua, palipoandikwa mahali. Umeona? Basi keti. Na usiruke kwenye boti kuja huku. Maliza safari yako kama ulivyoianza, maana nimewaahidi watu mwanamume anayemaliza mambo.

Barua yako ilinikuta na Mwanamvua, nikamsomea yote. Nikaanza kumweleza habari za kaburi na maua. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Veneranda, unamlinda marehemu asiende wapi?" Nikakasirika, sikumpa chai. Kesho yake akarudi na fimbo mbili, moja yake, moja yangu. Akasema vijana wametumwa wawili wawili, na sisi tuna magoti manne, yanatosha. Khamisi aliapishwa na mama yake asikuambie kitu. Ndiyo maana alikuwa akicheka, maskini, amelibeba jambo hilo safari nzima.

Kandambili nimeziondoa kizingitini. Nimempa Khamisi azivae kwenye boti. Zinamtosha.

Ziwani tulicheka, sijui tulicheka nini. Karibu na mdomo wa Malagarasi Mwanamvua akatapika, akasema posa hii imemtoka moyoni. Mimi nilishika ubao kwa mikono yote miwili na kuimba, na kina mama wa dagaa wakaitikia. Sikujua kama bado ninazo pumzi za kuimba.

Tukafika kwa Mzee Bonifasi. Tukasimama uani, vikongwe wawili na fimbo, tukakataa viti. Mzee akatutazama kwa hofu.

"Kabla hamjasema lolote," akasema, "ninyi ni wa injili?"

"Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, mzee," akajibu Mwanamvua. "Tulia."

Akaenda kuvaa koti. Mwanamvua akasema vizuri, we, sijapata kusikia. Akasema tumepotelewa na mtamba, tumefuata nyayo kutoka Katubuka, hazikupinda popote, zimeingia hapa. Akamtaja Babu yako kwa jina, Wilfred fundi cherehani, na watu wawili pale wakasema kumbe, suruali zao za harusi alizishona yeye. Samson akauliza, safari hii aliyetutuma ana mke au hana. Mwanamvua akaninyooshea kidole. Nikasema ni kweli, mke ni mimi, nimezeeka, mume wangu anakula sana, nimekuja kujitafutia mke mwenza wa kunisaidia. Mzee Bonifasi alicheka mpaka kifungo cha koti kikaruka. Mama wa nyumba akakiokota, akasema kuku wa nyumba hii watakwisha.

Mzee akasema desturi ni ile ile, atakaa na ndugu zake, binti ataulizwa, na jibu tutapewa asubuhi wakati wa chai.

Leonia akaninawisha miguu. Ni mrefu, Anatoli, na ana mwanya. Hukuniandikia. Akaniambia, "Bibi, mazuri yake nimeyaona mwenyewe. Nitajie kasoro."

Nikamwambia unakoroma, tena vibaya, kama babu yako. Nilisema hivyo nimchekeshe, nikajikuta mwenyewe siwezi kucheka. Nikamweleza jambo ambalo wewe sikukuandikia. Tangu Babu yako aondoke, na wewe ulipoondoka ndiyo ikazidi, nyumba yetu imenyamaza mno. Nalala nikiusikiliza ukimya. Usingizi unanichukua alfajiri, na kengele ya kanisa inalia mimi ndiyo kwanza nimelala. Hiyo ndiyo mvua ya Julai. Sikutaka ukatishe safari kwa ajili ya kikongwe asiyepata usingizi.

Hakuniambia pole. Alichukua godoro langu akalihamishia chumba kinachopakana na cha baba yake. Akasema, "Huyu akianza, mbuzi wanahama. Jaribu hapa."

Nikalala, Anatoli. Sikugeuka hata ubavu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani na kulipanda shuka. Nje nikasikia vikombe, na kikohozi cha watu waliokaa sana, na Samson akilalamika kwamba chai imepashwa mara ya pili. Mwanamvua alikuwa amewaambia hakuna jibu la posa linalotolewa mshenga akiwa usingizini, ni mwiko Ujiji. Si kweli. Kautunga pale pale. Wakakaa wamevaa makoti yao, wanangoja, hakuna aliyethubutu kugonga.

Mwisho akagonga Leonia.

"Bibi," akasema nyuma ya mlango, "amka. Wazee wamechoka kungoja kusema ndiyo."

Mkeo mkubwa,
Veneranda